Tupeane uzoefu: mtoto akiugua, bibi anasema nini na daktari anasema nini?

Fundi Redio (Mbagala)
Wakuu, salaam. Dar hii nyumba moja ya kupanga ina Mzaramo, Mchaga, Mnyakyusa na Msukuma, na mtoto wa mmoja akiugua kila mlango unatoka na ugonjwa wake. Juzi mtoto wa jirani kakohoa usiku kucha. Mmoja akasema kimeo, akakatwe. Mwingine akasema jicho, atafutwe mtu amsomee. Wa tatu akasema ni vumbi tu. Mama mtu kashika simu, hajui ampigie nani. Leteni yaliyowakuta wenyewe, ya kusikia tunayo mengi.

Mama Wawili, Tandika
Mimi ni degedege. Mwanangu alipandwa na homa jioni, mara macho yakageuka juu, mwili ukakakamaa. Mama mkwe wangu ni Mzaramo wa Kisarawe. Akasema hospitali baadaye, mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Kwao linaletwa na pepo, na pepo hajui sindano. Akatwanga majani akamwogesha, akachoma kinyesi cha tembo akamfukiza (usiniulize alikuwa amekihifadhi wapi, maana sikuwahi kukiona mle ndani). Baba yake aliporudi akambeba na bajaji. Hospitali wakapima, malaria kali.

Hii habari ya sindano nimeiwaza sana. Zamani mtoto alizungushwa kwanza kwa waganga, akifikishwa hospitali yuko hoi, anachomwa, anafariki muda si mrefu. Walioona kwa macho yao wakailaumu sindano. Kwa walichokiona, ningewaza hivyo hivyo. Mtoto alipona, na mama mkwe hadi leo anasema pepo lilitoka kwanza ndipo dawa ikapata nafasi. Simbishii. Ila nilimwomba kitu kimoja: mtoto akishikwa tena, tuwahi kwanza, majani yatafuata.

Nesi Mstaafu
Hongera mama. Niongezee kidogo. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 anaweza kupata degedege kwa homa yoyote ile, lakini nyumbani huwezi kujua kama ni homa tu, malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, wahi.

Kimeo, jamani, ni kinyama ambacho kila mtu anacho kooni. Mtoto akikohoa wiki nzima tatizo linaweza kuwa nimonia, pumu, hata kifua kikuu. Nimepokea watoto waliokatwa wakiendelea kutoka damu, na wengine kidonda kimeoza. Na kikohozi kiko palepale.

Kijana wa Kimara
Mdogo wangu aling'olewa "meno ya plastiki", yale yanayodaiwa kumharisha mtoto, kwa spoku ya baiskeli. Alikuwa anaharisha tu. Yale yalikuwa meno yake ya kawaida, bado yako ndani ya fizi. Leo ana pengo.

Duka la Viungo, Kisutu
Sisi Wahindi mtoto tunamweka nukta nyeusi ya wanja usoni ili asipatwe na jicho. Nilipoona jirani zangu Waswahili nao wanampaka mtoto wao wanja, tukacheka, tukajua tunamkimbia adui mmoja. Kikohozi kwetu ni maziwa ya moto na manjano. Homa ikipanda, hata mama yangu mwenyewe anasema daktari.

Binti Buguruni
Hakuna aliyegusa kubemenda, yaani mtoto mchanga kudhoofika eti kwa sababu ya tendo la ndoa la wazazi, hasa mmoja akitoka nje. Mwanangu alivimba miguu, nywele zikawa nyepesi na nyekundu, akawa hataki kucheza. Mawifi wakakaa kikao: kabemendwa, mama ana mwanaume nje. Wala haikupita akilini mwao kuuliza mtoto anakula nini. Nilikuwa nimemwachisha ziwa mapema kwa sababu ya mimba nyingine, anakula uji mtupu wa sembe. Niliacha kwenda kliniki, nikiogopa wote kwenye foleni watajua "nilichofanya". Waliniletea dawa ya kumwogesha. Mtoto akazidi kuvimba. Shangazi yangu ndiye aliyenishika mkono tukaenda. Kwashiakoo.

Nesi Mstaafu
Pole sana, mwanangu. Daktari Cicely Williams alipouandika ugonjwa huu miaka ya 1930 akiwa Ghana, akina mama wa kabila la Ga walishajua kwamba humpata mtoto anayeachishwa ziwa mdogo wake anapokuja. Jina la kitaalamu lilitoka kwao. Na wazee wetu waliposema mama asibebe mimba nyingine haraka, waliona jambo la kweli. Walipokosea ni kuligeuza mashtaka ya uzinzi, mama anajificha na mtoto anaishia ndani.

Mzee wa Ilala
Nesi, baba naye anabemenda, wazee hawakumwacha.

Binti Buguruni
Mzee wangu, shikamoo. Kikao chetu hakikumtaja baba hata mara moja.

Fundi Redio (Mbagala)
Nesi, mtu atajuaje mapema kabla ya kuvimba?

Nesi Mstaafu
Kuna utepe wa kupima mzingo wa mkono. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 akisoma chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali. Miguu ikivimba yote miwili usingoje utepe, nenda. Asiye na homa wala tatizo jingine, na anayekula vizuri, hupewa chakula dawa (chakula maalumu cha kutibu utapiamlo) akatibiwa akiwa nyumbani. Mwingine analazwa.

Mama Wawili, Tandika
Utepe huo upo zahanati za kawaida?

Nesi Mstaafu
Upo. Nenda na kadi ya mtoto.