Naomba ushauri: brashi ya umeme ya kuoshea uso, ninunue au niachane nayo?

Habari zenu wapendwa. Ngozi yangu ni ya mafuta, pua na paji la uso ndiyo usiseme. Jioni naosha kwa mikono, lakini nikipitisha pamba nyeupe pembeni mwa pua bado inatoka na weusi.

Dada yangu aliniazima brashi yake ya umeme, nikaiwekea kichwa kipya cha nywele za nailoni. Siku tatu za kwanza uso laini kama wa mtoto! Nikanogewa, nikawa natumia asubuhi na jioni. Wiki ya pili mashavu yakawa mekundu, hata maji matupu yanawasha. Nikaacha, nikarudi kwenye mikono na losheni isiyo na manukato; wekundu umeisha, weusi nao umerudi.

Sasa naitamani ya silikoni, maana haina kichwa cha kubadilisha kila miezi mitatu na haishiki uchafu kirahisi. Ila bei yake si ya kuchezea.

Mliotumia ya silikoni kwa muda mrefu, inasafisha kweli kuliko vidole, au ni mtetemo tu? Na kwa ngozi iliyokwisha kuchubuka hivi, niitumie mara ngapi kwa wiki? Napaka retinoli (aina ya vitamini A ya kupaka usoni) usiku mara mbili kwa wiki, kama hilo linabadilisha jibu.