Mliokulia peke yenu Mtwara na Lindi (dungu, shamba, dago): tupeane uzoefu

Mwana Lukuledi: Wakuu, salaam. Jana usiku nimeangalia filamu moja tulivu sana. Mtoto na babu yake nyikani, basi. Maneno yote yangeenea ukurasa mmoja. Wenzangu walisinzia, mimi nikalia.

Mwaka 1998, baada ya zile mvua kubwa, nilikuwa na miaka 12. Baba yuko Dar. Daraja la Mkapa lilikuja 2003, kwa hiyo Rufiji ikifura ndiyo haji. Mpunga wetu wa bonde la Lukuledi ulipoanza kushika punje, mama akanituma nikaamie ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Asubuhi dada ananiletea ugali wa muhogo, anaondoka. Nabaki mimi, dungu (jukwaa la miti la kulindia shamba), kombeo, na makopo yaliyofungwa kamba ya katani: ukivuta moja, bonde zima linalia. Wiki ya kwanza nilipiga kelele hata ndege wasipokuwepo, nisikie tu sauti ya mtu. Wiki ya tatu nikanyamaza, saa nikawa nazijua kwa kivuli cha nguzo.

Tulipovuna nikarudi nyumbani. Jioni ile mama akaniwekea mkeka pale wanapokula wajomba. Hakuniambia neno, na mimi sikuuliza.

Nani mwingine? Semeni, hata kama ni fupi.

Binti wa Newala: Kaka, pole, na asante kwa kuuanzisha. Mimi nilivunja ungo nikawekwa ndani. Mwali hasemi kwa sauti, hatoki mchana. Bibi yangu ndiye aliyekuwa anaingia. Kilichonikalia hadi leo ni kutwanga: kila nyumba ilikuwa na mdundo wake, nikawa najua nani kaamka mapema, nani mgonjwa, nani kagombana na mumewe maana kinu kinapigwa kwa hasira. Niliwajua majirani kuliko nilipokuwa nacheza nao. Sijawahi kumwambia mtu hili.

Mdau wa Mikindani: Dada, hilo la kinu limenigusa.

Wa Kilwa: Mimi dago, yaani kambi ya wavuvi, kisiwani Songosongo. Baba mdogo na wenzake wakaenda kutega, wakaniacha kambini nilinde ng'onda (samaki wa kukausha). Bahari ikachafuka, wakalala huko siku mbili. Nilikuwa nazungumza na kunguru, namwita kwa jina la rafiki yangu. Ngalawa ilipotokea wakanisalimia kwa mbali. Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Baba mdogo akashuka majini na nguo zake, akaja akanishika kichwa.