Seli za sola za polima: niongeze unene au niongeze tabaka?

Loleza (Mbeya)
Wakuu wa maabara, naomba mawazo. Seli zangu ni za mpangilio wa kawaida: kioo chenye ITO (tabaka angavu linalopitisha umeme), PEDOT:PSS (polima inayopitisha chaji chanya), mchanganyiko wa P3HT (polima inayonywa mwanga) na PCBM (inayopokea elektroni) wa nanomita 100 hivi, juu kabisa alumini. Kwenye mwanga wa wati 1000 kwa mita ya mraba napata volti 0.58, miliampia 8 kwa sentimita ya mraba na FF (kipimo cha jinsi mkunjo wa mkondo na volti ulivyo karibu na umbo la mstatili) 0.42, yaani ufanisi wa kama asilimia 1.9. Mashine ya kuvukizia metali ipo, sanduku la naitrojeni la kufanyia kazi bila hewa wala unyevu hakuna. Nafikiria kunenepesha mchanganyiko hadi nanomita 300 ili unywe mwanga zaidi, au kupandisha seli ya pili juu ya hii. Kipi kinalipa?

Gangilonga
Kwa sasa hakuna, mkuu. Volti yako ni nzuri, mkondo unaridhisha, kinachokula ufanisi ni hiyo FF. Ikifika 0.62 bila kugusa kingine chochote, uko asilimia 2.9. Ukinenepesha, chaji zitasafiri mbali zaidi na nyingi zitakutana na kufutana njiani, kwa hiyo FF itazidi kushuka.

Angalia kwanza mkunjo wako, yaani grafu ya mkondo dhidi ya volti. Mkunjo ukianza kushuka mapema, pale karibu na volti 0, umeme unavuja kwenye vitobo: chuja kila kimiminika (0.45 mikromita inatosha) na usafishe ITO kwa sabuni, maji safi, asetoni, kisha isopropanoli. Mkunjo ukilala upande wa pili, pale mkondo unapofika sifuri, tatizo ni ukinzani, na hapo mimi ningeshuku miguso ya tabaka kabla ya polima yenyewe.

PEDOT:PSS ni tindikali, inakula ITO taratibu, na inavuta unyevu. Kwa mvua za huko kuanzia Novemba hadi Aprili, bila naitrojeni, alumini nayo inaoksidika upesi. Geuza mpangilio: ITO, zinki oksidi, mchanganyiko, molibdeni oksidi nanomita 10, fedha nanomita 100.

Zinki oksidi ni rahisi. Zinki asetati dihaidreti gramu 1, 2-methoksiethanoli mililita 10, ethanolamini mililita 0.28. Koroga usiku kucha, dondoshea kwenye kioo na ukizungushe kioo mizunguko 4000 kwa dakika kwa sekunde 30, oka hewani nyuzi 200 kwa saa nzima. Fanyia kazi hiyo ndani ya kabati la kuvuta hewa, methoksiethanoli ina sumu inayodhuru uzazi.

Kipengere
Naongezea kwenye kuoka. Katika mpangilio uliogeuzwa, oka mchanganyiko kabla ya kuweka molibdeni: nyuzi 140 kwa dakika 10. Eksitoni (jozi ya elektroni na tundu lake inayozaliwa mwanga ukinywewa) husafiri kama nanomita 10 tu kabla ya kufa, kwa hiyo P3HT na PCBM lazima ziwe zimefumana kwa kipimo hicho. Ukioka kupita kiasi, PCBM inajikusanya fuwele kubwa unazoziona hata kwa hadubini ya kawaida, na mkondo unaporomoka.

Halafu baridi. Asubuhi za Juni na Julai huko juu, kimiminika cha P3HT kilicholala kwenye chupa huanza kuganda kama uji. Kipashe hadi nyuzi 50 au 60, kitandaze kwa kuzungusha kioo kikiwa bado vuguvugu, la sivyo unene utabadilika kioo kwa kioo na utalaumu mashine bure.

Seli mbili pacha: zikiwa zimeungwa mfululizo, volti zinajumlishwa lakini mkondo unaamuliwa na iliyo dhaifu. P3HT inaishia karibu na nanomita 650, kwa hiyo ukiweka P3HT juu ya P3HT, ya nyuma inapata makombo. Unahitaji polima ya pili inayokula mwanga mwekundu zaidi, pamoja na tabaka la kati lisiloyeyushwa na klorobenzini (kiyeyushi cha polima). Maabara ya mwanasayansi Alan Heeger wa Marekani ilifanya hivyo mwaka 2007 kwa oksidi ya titani na kufika asilimia 6.5. Si kazi ya kuanzia.

Loleza (Mbeya)
Nimewaelewa. Swali moja: tuna taa ya LED badala ya taa ya ksenoni. Inaathiri huo mpangilio uliogeuzwa?

Gangilonga
Sana. Zinki oksidi mara nyingi huhitaji mwanga wa urujuanimno kidogo ndipo ipitishe elektroni vizuri. LED nyingi hazina mwanga huo, na mkunjo unatoka na umbo la S hata kama seli ni nzima. Ianike juani dakika kadhaa, kisha pima tena. S ikibaki vilevile, kagua zinki oksidi: huenda haikuiva au ni nene mno, lenga nanomita 30 hadi 40.

Na ufunike seli kwa bati jembamba lenye tundu la eneo unalolijua. Bila hilo, mwanga wa pembeni unakuongezea mkondo ambao seli haina.