Fundi anataka kuniwekea programu ya kusoma meseji za binti yangu, nikubali au nisikubali?

Mama wa Tabata

Habari zenu ndugu zangu, naombeni ushauri maana nilipo hata usingizi sipati. Nina binti wa miaka 15, yuko kidato cha pili shule ya kutwa, simu tulimnunulia likizo ya Desemba kwa sababu walimu wanatuma kazi kwenye grupu la darasa na mimi simu yangu naondoka nayo alfajiri narudi saa 2 usiku. Miezi ya mwanzo hakukuwa na shida yoyote. Wiki mbili hizi nimeamka mara mbili usiku nakuta mwanga chini ya shuka, saa 8 ya usiku, nikimuuliza anasema alikuwa anaangalia saa. Juzi nikaona simu yake inaita kwa video saa 5 usiku, jina limeandikwa "Dada wa Duka", nikajiuliza duka gani hilo linapiga video saa 5, mtoto akakata haraka na uso ukambadilika kabisa.

Sijamgombeza bado. Baba yake yuko mkoani kikazi, nilipomwambia akasema mnyang'anye simu yaishe. Mimi nikaenda kwa fundi simu hapa mtaani, akasema kwa elfu 40 ananiwekea programu inayojificha, mtoto haioni, na kila meseji ya WhatsApp inakuja kwangu hata zilizofutwa. Akasema pia kuna njia ya kumvuta kwa namba tu bila kuishika simu. Nimeshampa elfu 10 ya kuanzia ila moyo unasita, maana mama yangu alishawahi kusoma barua zangu nikiwa na umri huo huo na mpaka leo nakumbuka nilivyojisikia. Lakini barua zangu mimi hazikuwa zinapiga video usiku wa manane. Mliopitia haya mlifanyaje?

fundi_wa_nyamagana

Dada pole sana. Mimi natengeneza simu mwaka wa 9 sasa, hiyo kazi huwa naletewa na huwa naikataa, ngoja nikueleze kwa nini.

Hiyo ya kuvuta kwa namba tu ni utapeli, usimpe hata mia. Meseji za WhatsApp tangu 2016 zinafungwa kwenye simu ya anayetuma na kufunguliwa kwenye simu ya anayepokea, katikati hapo hata WhatsApp wenyewe hawazisomi, sasa fundi wa mtaani atazisomaje kwa namba? Wanachofanya wengi wanaingiza namba ya mtoto kwenye simu yao, halafu wanakwambia umuombe mtoto tarakimu 6 zilizoingia kwa meseji. Ukiwapa, akaunti imekuwa yao, na kesho shangazi zake wote wanaombwa hela kwa jina lake.

Hiyo ya kujificha ipo kweli, tatizo ni jinsi inavyofanya kazi. Ili iingie lazima ulinzi wa Play Store uzimwe, uruhusu programu za kutoka nje, halafu uipe ruhusa ya kusoma kila kinachotokea kwenye skrini. Kila kitu dada, sio WhatsApp peke yake, pasiwedi, picha, namba ya siri ya hela za simu akiweka. Vyote vinakwenda kwenye seva ya watu usiowajua, na programu za namna hiyo zimeshavuja data zaidi ya mara moja. Yaani unamuogopa mtu mmoja asimuone mwanao, halafu unawafungulia dirisha watu wengine kabisa. Na huyo fundi anayeiweka na pasiwedi anaijua yeye, hilo wazazi wengi hawalifikirii.

Baba Junior

Mimi sikulipa fundi, niliunganisha WhatsApp ya kijana wangu kwenye laptopu ya ofisini, ile ya vifaa vilivyounganishwa, nikawa nasoma taratibu kila siku mchana. Akaunti moja inakubali mpaka vifaa 4 kwa hiyo haikusumbua. Nilikaa nayo wiki tatu hivi. Kilichotokea ni kwamba orodha ya vifaa inaonekana kwenye simu yake, siku moja akaifungua akaiona laptopu, hakuniambia kitu. Meseji zikaanza kupungua, nikasema afadhali katulia. Kumbe kahamia Telegram, akaweka na WhatsApp ya pili, maana simu nyingi za Android siku hizi zina sehemu ya kuzalisha programu mara mbili, na chati zake akaweka zifutike zenyewe baada ya saa 24. Mimi huku nasoma za grupu la kwaya tu.

Niligundua baada ya miezi miwili na kilichoniuma sio Telegram, ni jinsi alivyokuwa ananijibu mezani. "Ndiyo baba, hapana baba", basi. Imechukua karibu mwaka mzima kurudi kuongea kama zamani na hata sasa akiniona nimeshika simu yake anakaa wima.

Mnyalukolo halisi

Mimi nitakuwa tofauti na hao. Mtoto wa miaka 15 anakula kwako, analala kwako, bando unanunua wewe, siri gani hiyo ya kukuficha? Mimi wangu kila Jumapili simu inawekwa mezani napekua yote na wanajua. Sijifichi ila napekua. Dunia ya sasa ukimuachia mtoto faragha unampa mtu mwingine nafasi.

fundi_wa_nyamagana

@Mnyalukolo wewe angalau wanajua, hiyo ni tofauti kubwa na ya kujificha. Ila kumbuka WhatsApp ina sehemu ya kufungia chati kwa siri, haionekani kwenye orodha mpaka uandike neno lake kwenye kutafuta. Jumapili unapekua kile walichokuachia.

binti_wa_20

Shikamoo mama. Mimi nimeandika hapa mara chache sana ila hii imenigusa. Nilikuwa na miaka 16 nilipopata "rafiki" Instagram, alikuwa anajifanya msichana wa shule nyingine, tukahamia WhatsApp, baada ya mwezi akaniomba picha, nikatuma. Siku ya pili yake akaanza kuniambia nitume hela la sivyo anawatumia watu wote ninaowafollow. Nilikuwa namwibia mama hela ya mboga kidogo kidogo namtumia. Nilimaliza muhula mzima hivyo.

Na mama angu alikuwa mkali wa simu kuliko wazazi wote mtaani, alikuwa anapekua. Ndio maana sikumwambia. Alishasema siku nyingi nikikuta ujinga humu naivunja na shule unaacha, kwa hiyo nikawaza nikimwambia nimekosa vyote. Yule mtu alijua pia, alikuwa ananiambia mama yako akijua utafukuzwa. Nguvu yake yote ilikuwa hapo.

Mama, hiyo programu hata ikionyesha meseji, atakayejua ni wewe peke yako, mtoto bado atakuwa yuko mwenyewe na huyo mtu. Mwite, muanze wewe. Mwambie kabla hajasema chochote kwamba hutamnyang'anya simu wala hutampiga, na kama hukuwa na mpango huo basi usimdanganye, kwanza jiweke sawa wewe. Halafu kaa kimya. Mimi ningesubiri hata nusu saa ya ukimya kuliko maswali.

Mwalimu wa Kisauni

Mimi nafundisha sekondari hapa Mombasa, na dada wa 20 amesema kweli tupu, hongera mwanangu kwa kuisema. Niongeze ya kufanya tu.

Dada, shughulika na nani anaweza kumfikia badala ya anachosema. Kwenye WhatsApp nenda Faragha, sehemu ya Vikundi weka wale anaowasiliana nao tu, maana haya magrupu ya mitihani iliyopita ndiyo mlango mkubwa, mtu yeyote anamwingiza na humo namba inaonekana na watu 500. Picha ya wasifu hivyo hivyo. Simu za wasiojulikana zinyamazishwe. Instagram wao kuanzia Septemba 2024 walileta akaunti za vijana, mtoto chini ya miaka 18 anatumiwa meseji na watu anaowafuata au aliounganishwa nao tu, saa 4 usiku mpaka saa 1 asubuhi taarifa zinanyamaza, na ukiunganisha na yako unaona aliochati nao siku 7 zilizopita, majina sio maneno. Lakini yote hayo yanategemea mwaka wa kuzaliwa alioandika, na wengi wa wanafunzi wangu waliandika wana miaka 25, kwa hiyo angalia hapo kwanza. TikTok chini ya miaka 16 hana meseji za siri kabisa, tena kama umri ni wa kweli. Family Link ya Google haisomi meseji, kazi yake ni saa za kulala na kukuomba ruhusa anapotaka programu mpya, kwa Telegram inasaidia.

Na ukikuta kuna mtu mzima anamfuata, msimbloku kwa hasira kwanza. Pigeni skrinishoti, namba, tarehe, na kama kuna picha ya mtoto usiitume kwa mtu yeyote hata kwa baba yake. Piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure na inafanya kazi kwenu na kwetu. Kuna pia huduma ya Take It Down ya walio chini ya miaka 18, inatengeneza alama ya picha bila picha yenyewe kutoka kwenye simu, halafu mitandao inayoshirikiana nao inaizuia. Polisi kwenu kuna Dawati la Jinsia na Watoto.

Mama wa Tabata

Nimerudi ndugu zangu, samahani kwa kukaa kimya siku nne. Maneno ya binti wa 20 niliyasoma nikalia kwanza, halafu Jumamosi tukiwa tunachambua mchele nikamwambia vile vile alivyosema, simu haitoki, kipigo hakuna. Alinyamaza mpaka mchele ukaisha. Akaenda kuuosha, akarudi, akaanza.

"Dada wa Duka" ni mwanaume, kampata kwenye grupu la mitihani ya hesabu, anamwambia yuko chuo. Amemtumia picha moja ya sare ya shule na huyo mtu akaanza kutaka nyingine, video ya usiku ule alikuwa anamlazimisha aipokee. Hakutuma nyingine. Anasema alikuwa anaogopa kwa sababu anajua shule yake kutokana na sare.

Skrinishoti tumepiga pamoja, 116 nimepiga wamenisikiliza vizuri sana na Jumatatu tunakwenda dawati, baba yake anakuja. Vikundi tumeshabadilisha, na mwalimu ulichosema ni kweli, kwenye Instagram alikuwa amezaliwa 1998. Simu zote mbili, yangu na yake, zinachajiwa sebuleni kuanzia saa 3, hilo alilipendekeza yeye mwenyewe. Fundi nimemwambia aache, elfu 10 hajarudisha.

Jana amelala chumbani kwangu.