Tupeane uzoefu: trimu ya ndege kwenye simuleta iliwatesaje?

Wakuu, poleni na baridi. Mimi niko Mbeya mjini, narusha Cessna 172 ya FlightGear, programu ya kuigiza urubani, kwenye laptopu ya kuungaunga. Safari yangu ni moja tu, uwanja wa Songwe kwenda ule wa Nduli, Iringa, na kila nikifika Usangu mkono umekufa ganzi maana joistiki nimeisukuma mbele njia nzima, nikiiachia tu ndege inainua pua kama mbuzi kaona majani juu. Trimu, yaani kile kigurudumu cha kuifanya pua ikae ulipoiweka bila kushikilia usukani, nilikuwa naijua ila nilidhani ndo ya kupandia na kushukia, kwahiyo kwenye kibodi nabonyeza 1 inapaa, nabonyeza 7 inadondoka, naikimbiza hivyohivyo mpaka mlima Loleza unanijaa kwenye kioo.

Aliyenisaidia ni dereva wa Canter wala hajui ndege. Akaniuliza, si kama gari inayovuta pembeni, unang'ang'ana na usukani Igawa mpaka Makambako wakati dawa yake ni alaimenti? Basi. Sasa hivi pua naiweka kwa mkono kwanza, injini siigusi, nasubiri spidi itulie, ndo natrimu kidogokidogo huku naiachia joistiki taratibu. Hii yetu ina springi inarudi katikati, usukani wa ndege ya kweli unabaki palepale ulipotrimu.

Nyie je?

Mnyalu wa Kihesa: Kamwene. Mimi kanitesa kughairi kutua. Nakuja Nduli spidi noti 65, flapu (vile vibawa vya nyuma ya mbawa vya kutulia) zote chini, nimetrimu safi, uwanja nikauona umekaa upande nikasukuma injini yote. Weee! Pua ikasimama maana trimu bado ni ile ya kutua, sijasukuma mbele kwa nguvu, noti 55, 50, honi ya stoli, ile ya kuonya mbawa zinakaribia kushindwa kuibeba ndege, ikaanza kulia kama kijifilimbi cha mtoto, kilichofuata nilikuwa nahesabu nyasi.

Dogo wa Mwanjelwa: Mnajivunia joistiki, mimi natumia kibodi tu, bila trimu ningeshaacha zamani. Kilichonifungua akili ni hiki, ukitrimu unakuwa umeichagulia ndege spidi, sio urefu wa kwenda juu. Tulia na noti 90 ukiwa umenyooka, halafu punguza injini usiguse kitu kingine. Itayumba juu chini mara mbili tatu, iache, usiikimbize, mwisho inashuka yenyewe na noti zako 90 zipo palepale au karibu na hapo.

Mzee wa Viazi, Uyole: Si muweke otopailoti mkalale

Dogo wa Mwanjelwa: Shikamoo mzee. Hiyo nayo inatrimu hukohuko ndani, siku ukiizima kabla hujashika usukani utatusimulia.

Mnyalu wa Kihesa: Nimesahau, kabla hujaruka angalia kwanza gurudumu la trimu, lina alama ya kurukia. Ukiliacha lilivyokuwa ulipotua mara ya mwisho, ndege inanyanyuka kabla hujaiambia.

Mwenye uzi: Dogo nimeijaribu sasa hivi. Futi 9,500 nikapunguza injini, ikanesa ikatulia, inashuka noti 91 mikono iko mfukoni, kwanza baridi. Nimeenda kutoa chai jikoni nimerudi bado ipo juu ya mashamba ya mpunga, ila imelala kushoto kidogo, hiyo nayo inatrimiwa wapi?