Barua za kuombea udaktari Marekani: nimwombe nani?

Nyegezi_Juu
Habari za jioni wakuu. Namalizia shahada ya baiolojia Marekani, sasa nipo Mwanza likizo. Mwezi wa sita natuma maombi ya udaktari kupitia AMCAS, ile huduma ya pamoja ya kupeleka maombi kwenye vyuo vya udaktari vya Marekani. Ninaowafikiria kuniandikia barua za mapendekezo: profesa wa biokemia (nilipata A, ila darasa lilikuwa la watu 200, jina langu sidhani kama analijua), mtafiti wa hapa Mwanza niliyekuwa chini yake miezi mitatu kwenye maabara ya kichocho, daktari bingwa wa Bugando niliyekuwa naongozana naye wodini, mjomba wangu ambaye naye ni daktari, na paroko wetu. Nani abaki, nani atoke?

Kapripointi
Mtafiti ndiye barua yako nzito. Anaweza kuandika kwamba alikupa slaidi za Kato-Katz (kipimo cha choo cha kutafuta mayai ya kichocho), ukahesabu mayai, ukazidisha kwa 24 kupata idadi kwa gramu moja ya choo, na hesabu yako ilipopishana na ya msomaji wa pili ulirudi kwenye hadubini badala ya kunakili namba ya mwenzako. Sentensi moja kama hiyo inashinda ukurasa mzima wa "ni mwadilifu, mchapakazi na anajituma". Barua nyingi za huku kwetu zinaandikwa kama cheti cha utumishi: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, tabia njema, muhuri wa bluu. Kamati ya kule inayochagua wanafunzi ikiona hivyo inajua mwandishi hana la kusema juu yako. Mweleze mapema, kwa adabu, kwamba wanataka matukio.

Ila peke yake hatoshi. Shule nyingi za udaktari zinataka walimu wawili wa sayansi waliokufundisha darasani na kukupa alama, pamoja na mmoja asiye wa sayansi. Msimamizi wa utafiti mara nyingi hahesabiwi hapo. Soma masharti ya kila shule, hayafanani.

Huyo wa watu 200 usimtupe. Ripoti zako za maabara alikuwa anasahihisha nani? Kama ni msaidizi wake, huyo aandike, kisha profesa aongeze lake na wasaini wote wawili. Saini ya msaidizi peke yake ni nyepesi.

Dada_wa_Kirumba
Mjomba toa, hakuna mjadala. Paroko abaki kama tu aliwahi kukusimamia kazi ya kujitolea yenye majukumu. Kukuona kanisani kila Jumapili hakuhesabiki. Daktari bingwa jiulize: alikuona ukifanya nini? Kama ulikuwa unasimama nyuma ya raundi, ataandika kwamba ulifika kwa wakati. Mahudhurio hayo yaandike mwenyewe kwenye sehemu ya shughuli za fomu.

Na kabla ya yote, kiulize chuo chako kama kina kamati ya kuandika barua ya pamoja. Ikiwepo na ukaikwepa, shule zitataka kujua sababu.

Igoma_Stendi
Upande wa utaratibu. AMCAS inapokea hadi barua 10, na unachagua ipi iende shule ipi. Ukishatuma fomu unaweza kuongeza barua lakini si kufuta, kwa hiyo usiorodheshe mtu ambaye hujamalizana naye. Kila mwandishi mpe fomu yenye namba yako na namba ya barua hiyo, maana yeye mwenyewe ndiye anapakia, usikabidhiwe bahasha. Iwe kwenye karatasi yenye nembo ya taasisi, ina tarehe na saini. Muhuri si lazima.

Waombe Februari au Machi, uwape wiki sita hadi nane. Ambatanisha wasifu, matokeo, rasimu ya insha yako na mambo matatu manne waliyoyashuhudia wao wenyewe. Fomu haisubiri barua ili ihakikiwe, lakini shule nyingi haziligusi faili lako mpaka barua zifike.

Tahadhari: utakutana na "andika mwenyewe, mimi nitasaini". Kataa kistaarabu, mpe yale mambo matatu manne badala ya barua. Unapotia saini kwamba umeacha haki ya kuisoma, halafu umeitunga wewe, huo ni udanganyifu. Na barua mbili zenye mtindo mmoja wa uandishi zinaonekana.

Nyegezi_Juu
Nashukuru sana. Daktari nilishamgusia, akasema "tutaona, nikumbushe baada ya sikukuu". Nimkumbushe?

Kapripointi
Mtu mzima wa kwetu hakwambii hapana usoni, hiyo ndiyo hapana yake. Mshukuru, usimfuate tena kwa hilo. Orodha yako haina mwalimu hata mmoja asiye wa sayansi. Nafasi ya daktari mpe yule wa historia au falsafa aliyesahihisha insha zako. Darasa lake lilikuwa na watu wangapi?