Jiko la spiriti la kwenda nalo Elgon: ninunue ama nitengeneze na mkebe?

nax_mtembezi:
Wadau hamjambo. Niko Nakuru, mwezi ujao mimi na binamu yangu tunataka kwenda Elgon, tuingilie geti la Chorlim pale Endebess, tulale juu usiku mbili alafu tuone kama kilele cha Koitoboss kitatukubali. Mengine tumepanga, imebaki jiko. Mtungi wa kilo sita hata usinitajie, na ile mikebe midogo ya gesi ya kupandia mlima nimezunguka tao yote sijaiona, naambiwa niagize Nairobi. Sasa kuna watu wanapikia spiriti kwa kajiko kanatoshea kwa kiganja na nimekapenda, lakini je, kwenye baridi ya huko juu kanachemsha kweli? Spiriti ni ya hadiwea ama ya duka la dawa? Na tubebe kiasi gani? Menyu ni chai, uji, Indomie, na binamu yangu ameapa lazima kuwe na ugali na omena, msinicheke.

mkebe_mtupu:
Karibu kwa chama. Mimi niko Kisumu na natumia ya kujitengenezea, tena si ile ya mkebe wa soda yenye tundu ndogondogo kama za gesi, hiyo inapendeza kwa video lakini inataka uipashe moto kwanza na ukiikanyaga ndani ya begi imeisha. Chukua mkebe mdogo wa nyanya, ule wa gramu 70, uoshe, utoboe mstari mmoja wa tundu kuzunguka chini kidogo ya mdomo, msumari mnene unatosha. Tia spiriti, washa, ngoja kama nusu dakika mpaka moto ukolee, alafu sufuria inakaa moja kwa moja juu ya mkebe, mdomo unazibika na moto unatokea kwa zile tundu za pembeni. Hauna kitu cha kuharibika. Kama huna mkono wa kutoboa peleka kwa mafundi wa jua kali, hapa kwetu Kibuye watakutolea ukisubiri.

Kuhusu kiasi, nusu lita ya maji inakula kama mililita 20 hadi 25 ukiwa umekinga upepo vizuri, na inachukua dakika saba, nane hivi. Nyinyi ni wawili, piga hesabu lita moja asubuhi na lita moja jioni, hiyo ni kama mililita 100 kwa siku. Siku tatu ni 300, ongeza 100 ya dharura kwa sababu huko juu maji unayochota ni baridi sana na upepo hauna adabu. Kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi ndio kipimo changu, kina alama za mililita tayari.

Na kikinga upepo ndio jiko lenyewe, hii watu hawaamini mpaka wajionee. Nunua trei ya aluminiamu ya kuokea supamaketi, kata ukanda, zungushia sufuria ukiacha nafasi ya kidole, chini toboa matundu hewa iingie. Bila hiyo utamaliza chupa yote na chai haijapata hata mvuke.

mwalimu_kakamega:
Kijana, mwenzangu amesema vizuri juu ya mkebe, lakini nami niongeze mambo mawili ambayo yasiposemwa mapema mtu huumia.

La kwanza ni moto wenyewe. Mchana kweupe moto wa spiriti hauonekani. Utaona tu hewa inatetemeka juu ya mkebe, na jua likiwa kali hata hiyo huioni. Sasa mtu anadhani umezima, anachukua chupa aongeze, na kumbe bado unawaka chini pale. Moto unapanda na ule mkondo mpaka ndani ya chupa, chupa inatema, na aliyekaa mbele yake ndiye anayeungua. Kwa hiyo usiongeze spiriti kwa jiko ambalo hujalishika na mkono likiwa limepoa. Pima ya kutosha mara moja, ikiisha kabla maji hayajachemka subiri, uguse, ndio umimine tena. Beba na kopo kubwa kidogo la kufunika jiko likizidi, linazimika mara moja. Jiko liweke juu ya jiwe, si juu ya nyasi, maana nyasi za Elgon wakati wa kiangazi zinashika upesi. Na ndani ya hema usipike hata kukinyesha, mbali na kuungua kuna ile hewa ya kaboni monoksidi ambayo hainuki.

La pili ni spiriti. Ile ya hadiwea, wanayotumia mafundi wa mbao kuchanganyia polishi, ndiyo inayofaa, ina pombe nyingi na haitii sufuria masizi. Ya duka la dawa soma lebo kwanza. Ikiwa ni asilimia 70, basi karibu theluthi moja ni maji, itawaka kwa unyonge na mwishoni itakuachia maji ndani ya mkebe. Sanitaiza ni hivyo hivyo. Zile zilizoandikwa isopropili zinawaka lakini sufuria itakuwa nyeusi tititi. Na mtu akikuletea methanoli ya kiwandani kwa bei ya kutupa, kataa. Mnakumbuka Mei 2014 jinsi watu walivyokufa kwa pombe iliyotiwa methanoli huko Embu na Kiambu, na wengine wakapofuka. Hiyo sumu hata kwa ngozi inaingia. Chupa ya spiriti iandike kwa herufi kubwa na iwe na umbo tofauti kabisa na ya maji, mtu akiamka na kiu usiku asishike isiyo yake.

busia_mpakani:
Na chang'aa je, si tuko nayo mlango wa nyuma 😂

mkebe_mtupu:
😂 ile ya kawaida itawaka kwa shida ama isiwake kabisa, maji ni mengi. Alafu utakuwa umeharibu vitu viwili, chai na chang'aa.

gesi_tu:
Mimi nitakuwa mbaya hapa. Hizi spiriti mnazisifu sana lakini semeni ukweli wote. Kilo ya spiriti inatoa joto kidogo tu kupita nusu ya kilo ya gesi, kwa hivyo jiko ni jepesi ndio, lakini kila siku ukiongeza safarini uzito wa spiriti unakuja kumeza ule wepesi wa jiko. Ukienda wiki nzima, ama mkiwa watu wanne na sufuria kubwa, agiza gesi Nairobi uwache kujitesa. Na moto wa mkebe huwezi kupunguza, ni huo huo mpaka uishe, sasa ugali utasonga namna gani? Utaungua chini na juu bado ni unga.

mwalimu_kakamega:
Ndugu yangu hapo kwa wiki nzima sina ubishi. Lakini hawa ni wawili, usiku mbili, na gesi hawana. Kwa moto wa kupunguza kuna Trangia ya Uswidi, kale kajiko ka spiriti ka shaba, kanakuja na kifuniko cha kuteleza cha kupunguzia moto na hicho hicho ndicho cha kuzimia. Kana gramu 110 hivi. Ila usikafunge na kile kifuniko chake cha kuskuruu kakiwa moto, mpira wa ndani utayeyuka na spiriti itakumwagikia begini.

nax_mtembezi:
Asanteni sana, nimeamua mkebe wa nyanya. Na baridi sasa? Nasikia spiriti ikipoa sana haishiki.

mkebe_mtupu:
Inagoma kidogo tu, haikatai. Asubuhi kabla hujatoka kwa slipingi begi ingiza chupa ndani ya jaketi, ikishapata joto lako inashika na kiberiti kimoja. Laita nyingi huko juu zinasumbua, beba viberiti ndani ya karatasi ya nailoni. Ingine, karibu na mita 4,000 maji yanachemka kwa nyuzi 87 hivi, si 100, kwa hivyo vitu kama ndengu na githeri sahau kabisa. Indomie imwagie maji yaliyochemka, funika, zungushia sweta dakika kumi, itaiva yenyewe bila moto. Omena kaangeni nyumbani zikauke mbebe hivyo. Na huo ugali wa binamu yako usongwe Endebess kabla hamjaingia geti, ale ashibe, wa pili atauona akishuka.

nax_mtembezi:
Nimemsomea. Anasema basi unga ataubeba yeye mwenyewe, sufuria pia, na ile Trangia ataitafuta kwa pesa yake.

gesi_tu:
Huyo binamu mwambie anitafute, nimempenda.